Mkono wa Mama Maneno

Mtaa mzima wa Rugenge ulimwita Mama Maneno kwa sababu mwanawe wa kwanza anaitwa Maneno, lakini ukitafuta mji wote wa Uvira, huku kando ya ziwa, mwanamke mwenye maneno machache kuliko yeye, utarudi umechoka. Jina lake hasa lilikuwa Sofia binti Ramazani. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake wa Kiislamu, tangu Kavimvira hadi Kalundu, na kazi hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo. Mwosha huona yote. Huona kovu ambalo mtu alilificha hata kwa mumewe, na huona alama za mkanda wa yule mume ambaye saa hiyo yuko nje analia kuliko wote. Sharti la kazi ni moja tu: ulichokiona kinaingia kaburini na mwenyewe. Akitoka chumbani wafiwa humwuliza, "Alikuwa namna gani?" na Mama Maneno, tangu ujana wake, alikuwa na jibu lile lile. "Alikuwa muzuri."

Watu walimheshimu na kumwogopa kwa pamoja. Walimpa mkono wa salamu, kisha wakaupangusa kwenye nguo wakidhani haoni. Vijana wa mtaani, akipita na beseni lake kichwani, walimchokoza kwa ile methali ya mwosha huoshwa. Yeye alicheka tu.

"Njo vile," aliwajibu. "Lakini nani ataniosha?"

Binti yake Aziza alilisikia swali hilo kutoka kwenye kibanda chake cha cherehani, kando ya barabara ya lami, na kila mara aliinama akajifanya anatunga uzi kwenye sindano. Alijua anaulizwa nani. Alikuwa mtu mzima, ameolewa na kuachwa na kurudi nyumbani, na tangu usichana ndiye aliyempimia mama yake sanda na kuzikata. Lakini kuingia chumba cha maiti, hapana. Alifikisha kitambaa mlangoni, akakipitisha chini ya pazia, akaondoka mbio. Woga wake haukuwa na sababu, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumwondolea.

Sasa, siku moja Aziza alirudi mapema, akamkuta mama yake uani akitwanga majani ya sombe kwa mkono wa kushoto. Mwanamke wa pwani hii hatwangi sombe kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani, umefungwa kitambaa.

"Mama, mukono iko na nini?"

"Hakuna kitu."

Aziza aliinama akakifungua kile kitambaa, na mama hakumzuia. Kiganjani, chini ya kidole cha pete, palikuwa na uvimbe mgumu wa rangi ya zambarau, umepasuka juu, unatoa majimaji. Aziza aliubonyeza kidogo. Mama yake alifumba macho.

"Hii kitu iko hapa tangu wakati gani?"

"Tangu maziko ya Mwamini."

Aziza alikaa chini pale pale kwenye udongo. Mwamini alikuwa amezikwa zamani, mvua zimeshuka zikaisha, kiangazi kimepita, na mvua nyingine zilikuwa zimeanza.

Huyo Mwamini alikuwa mke wa pili wa marehemu baba yao Aziza na Maneno, aliyekuwa mfanyabiashara wa chumvi na vitenge. Alimwoa Mwamini bila kumwambia Sofia, na Sofia akasikia habari sokoni, mbele ya wauza samaki wa ndagala, kama anasikia bei imepanda. Hakupiga kelele. Alinyamaza, na huyu alikuwa mtu anayejua kunyamaza. Mume alikufa, na bado wake wenza hao hawakupeana salamu. Kwa hiyo Mwamini alipofariki, watu walijaa nyumbani kwake Kavimvira, nusu yao kwa ajili ya msiba na nusu kutazama kama Mama Maneno atakuja. Binadamu tuko hivyo, tusidanganyane. Alikuja. Alimwosha mke mwenzake taratibu, akamsuka nywele misuko mitatu, akamvika sanda, akatoka na kusema alikuwa mzuri. Watu waliona haya wakaenda zao.

Ambalo hawakulijua ni lile lililotokea ndani. "Nilikuwa naosha mukono yake," mama alimweleza Aziza siku hiyo ya sombe. "Vidole vyake vikafunga juu ya mukono yangu. Vikanishika. Nikajua hajanisamehe. Kiisha siku kidogo, hii kitu ikatokea, palepale alinishika."

Basi alifanya wanavyofanya watu wake. Alikwenda kwa mwalimu wa madrasa, akaandikiwa kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji akanywa. Alimwombea Mwamini. Alitoa sadaka kwa jina lake. Uvimbe ukakua. Akaongeza kombe, na uvimbe ukaongezeka. Wakati wote huo aliendelea kuosha maiti, mkono umefungwa kitambaa, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu waosha hufunga mikono yao vitambaa. Usimcheke. Mtu aliyezoea kuficha ya watu wengine, ya kwake atayasemaje?

"Juu ya nini haukuniambia, Mama?"

"Kitu unaona ku mwili ya muntu, hausemi."

"Hiyo ni ya mufu!" Aziza alipaza sauti mpaka majirani wakasikia. "Weye uko muzima, Mama! Uko muzima!"

Daktari aliyewapokea hospitali aliitwa Norbert, kijana mpole mwenye miwani, ambaye mama yake mzazi alikuwa mkulima wa Mutarule, kwa hiyo naye alijua kuongea na akina mama. Alikata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa Bukavu, na kutoka Bukavu kikapelekwa mbali zaidi, kwa sababu huko nako hawakukielewa. Majibu yalikawia. Yaliporudi, Norbert aliwakalisha wote watatu, mama na Aziza na Maneno, akafunga mlango. Alisema ni kansa. Alisema ni ya aina ya nadra sana, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisoma vitabuni tu, na ambayo hupenda mikono ya watu na hutembea polepole kama mwizi anayejua nyumba.

"Haikutoka kwa mufu yoyote, Mama," alisema, kwa sababu Aziza alikuwa amemweleza. "Inaanza yenyewe. Hakuna alikufanyia."

Mama Maneno alivuta pumzi ndefu. Aziza alikuja kukumbuka baadaye kwamba siku ile, kabla ya mengine yote, uso wa mama yake ulilegea kwa furaha. Mwamini hakuwa na kinyongo.

Kisha Norbert akasema lililobaki. Mkono ukatwe, chini kidogo ya kiwiko, na ukatwe upesi. Hiyo ndiyo njia yenye matumaini zaidi.

"Na hiyo mukono mutaitupa wapi?" mama aliuliza.

 Daktari alisema familia inaweza kupewa, wakauzike.

"Hakuna njia ingine?"

Ilikuwepo. Kigali kulikuwa na mashine ya kuchoma kansa kwa mionzi, bila kisu, na dawa za kuongezea. Mkono ungebaki. "Lakini minye sikushauri, Mama," alisema Norbert. "Sikufichi. Ukiniuliza kama mutoto wako, nasema tukate."

Mama Maneno alimshukuru, akaomba aende nyumbani afikirie. Lakini Aziza, aliyemjua, aliona njiani kwamba amekwisha fikiri.

Nyumbani wakamkalia kikao. Maneno, mtoto wa kwanza wa kiume, ndiye mwenye sauti katika ukoo, na alisema mkono ukatwe, mjadala umekwisha. Aliposema umekwisha, mama yake alimtazama mpaka akaanza kuhangaika na kofia yake. Sheikh wa msikiti aliitwa. Alisema si dhambi hata kidogo, kuokoa uhai ni wajibu, na kiungo kilichokatwa huzikwa kwa heshima na kumngojea mwenyewe. Jirani yao Generose naye alikuja, Mkatoliki wa kutoka Lemera, muuza ndagala, ambaye mguu wake mmoja ulikatwa wakati wa vita. Aliingia na magongo yake, akajibwaga kwenye kiti.

"Mama Maneno, angalia minye," alisema. "Mugu moja, na bado nafika ku soko mbele yako. Sheitani alichukua ule mwingine, akakuta hauna faida, anajuta mpaka leo."

Wote walicheka, na Mama Maneno alicheka kuliko wote. Kisha alifungua kitambaa, akauweka mkono wake juu ya meza katikati yao, kiganja juu. Hakuna aliyecheka tena.

"Sheikh, nimesikia. Najua haiko zambi," alisema. Aziza hakuwahi kumsikia akiongea kwa muda mrefu hivyo. "Generose, weye ulikatwa mugu, ukabaki Generose, sababu weye haukuwa mugu. Lakini wakati ya kolera, kulikuwa wafu ambao watoto wao walikataa kuwagusa. Walisimama mbali, wanalia, wanasema Mama Maneno tusaidie. Nani aliwagusa? Hii. Mama yangu alikufa ndani ya hii. Mwamini alinisamehe ndani ya hii. Mukiikata, ule muntu atabaki hapa, mutamuita nani?"

"Tutamuita Mama," alisema Aziza.

Maneno akaangalia ukuta. Generose alichukua ncha ya kitenge chake akapangusa macho. Mama Maneno alimtazama binti yake, lakini hakurudi nyuma. Kuna watu wapole ambao ukiwagusa mahali fulani unakuta jiwe, na ni heri uligonge mapema ulijue. Alisema atakwenda Kigali.

Aziza alikasirika hasira ambayo hakujua anayo. Alishona wiki ile kwa kuvunja sindano. Alitaka kumpigia mama yake kelele kwamba mkono hauli naye, hauamki naye, haumwulizi kama ameshiba. Alifunga kibanda, akafunga na sanduku, akaenda naye, kwa sababu angefanya nini?

Walipita bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, wakavuka mpaka wa nchi, wakafikia kwa binamu yao, mtaa wa Nyamirambo, Kigali. Kila siku ya kazi mama alilala juu ya meza ya mashine ile kubwa, mkono wake umenyooshwa peke yake juu ya kibao, na watu wote wakatoka wakamwacha. Ngozi ikawa nyeusi, kisha ikachubuka kama ndizi iliyokaa sana kwenye makaa. Dawa zilimtapisha. Alivumilia yote bila neno. Siku moja tu Aziza alimkuta kwenye benchi analia, akakimbia akidhani ni maumivu.

"Haiko maumivu," mama alisema. "Ule binti wa mashine. Kila asubui anaishika hii mukono na mikono yake mbili. Hapangusi."

Waliporudi Uvira uvimbe ulikuwa umenywea mpaka ukawa kama punje ya haragwe. Norbert aliugeuza mkono huku na huku, akatabasamu, akasema amefurahi kukosea, na akamwonya arudi Kigali kupimwa mara kwa mara. Alirudi mara moja tu. Baada ya hapo ikawa barabara ya bonde ina risasi, ikawa mpaka una shida, na yote hayo yalikuwa kweli, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba mama anayashukuru kidogo.

Mwanamke mmoja alifariki Mulongwe. Mama Maneno alichukua beseni, kafuri na majani ya mkunazi, akasimama mbele ya cherehani ya Aziza.

"Kuja unimwagie maji. Mukono iko na nguvu ya kuosha. Haina nguvu ya kubeba ndoo."

Baada ya Kigali, Aziza angekataa vipi? Alipita chini ya pazia kwa mara ya kwanza maishani. Ndani mlikuwa kimya, mna harufu ya ubani, na wanawake wawili wameshika shuka juu ya marehemu ili asiachwe wazi. Mama alimfundisha kwa sauti ya chini, kama anayemfundisha mtoto kupika ugali. Anza upande wa kulia. Maji yapite polepole, huyu si sufuria. Ongea naye ukitaka, mimi huongea nao. Na Aziza alishangaa kugundua kwamba mwanamke huyu asiye na maneno alikuwa akiyapeleka yote huku.

Kisha Aziza aliona kitu ubavuni mwa marehemu, acha kibaki huko, na mkono wake ukasimama. Wanawake wawili wa shuka wakainua shingo papo hapo.

Mama alimwagia maji mahali pale akapita. Walipokuwa njiani kurudi ndipo aliposema. "Ukiona kitu, pitisha maji. Usisimamishe mukono. Mukono ikisimama, macho ya watu yanafika pale. Hata kama ni kitu ya kukutoa machozi, mukono inaendelea."

Aziza alijifunza. Alijifunza kukunja kitambaa mkononi, kubonyeza tumbo kwa huruma, kusuka misuko mitatu kwenye nywele zenye maji. Waliitwa Kasenga, waliitwa Kavimvira, walitembea pamoja asubuhi na beseni moja, na mama akawa, si msemaji, tusizidishe, lakini mtu wa kuongea. Alimsimulia Aziza habari za baba yake ambazo zilimfanya asimame barabarani kwa kicheko. Miezi ile ilikuwa mizuri. Aziza alianza kuamini kwamba mama alichagua vyema, na akaona haya kwa ukali wake.

Mambo mengine aliyaona bila kuyaona. Mama aliacha kuinua mkono wa kulia juu. Kikombe cha kwenye rafu alikifikia kwa kushoto. Zamani Aziza alimsugua mgongo bafuni, sasa mlango ukawa unafungwa. Aliona ni ile mionzi, imekaza mishipa. Alimnunulia mafuta ya kuchua. Mama aliyapokea kwa shukrani akayaweka.

Kiangazi kikaja na vumbi lake, na mama akaanza kukohoa. Kila mtu alikohoa kiangazi kile. Vumbi likaisha, kikohozi hakikuisha. Aziza alimpeleka kwa Norbert, na Norbert alitaka kumpima mwili mzima, lakini mama alikataa kuvua nguo.

"Docta, weye ni mutoto wangu. Sivui mbele ya mutoto."

Norbert alijitolea kumwita muuguzi wa kike. Mama akakataa hata huyo. Aziza alikasirishwa na haya hizo, akaona ni uzee umeanza. Mama alikubali picha ya kifua tu, akiwa amejifunga kitenge chepesi. Norbert aliiangalia ile picha kwenye mwanga, akamwita Aziza nje. Mapafu yote yalikuwa na vidoa vyeupe.

"Tungekata wakati ule," Aziza aliuliza, "angepona?"

Norbert alivua miwani. "Pengine. Pengine ingefika kule vilevile, sababu tulichelewa tangu mwanzo. Hii aina hatuijui muzuri, dada. Nikikupa jibu, nitakuwa nakudanganya."

Afadhali angemdanganya. Aziza alikuwa tayari kwa ndiyo, ampe mtu lawama, na alikuwa tayari kwa hapana, apumue. Alipewa pengine, na pengine haina mahali pa kuishika. Alirudi nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo.

Mama alidhoofika kwa haraka baada ya hapo. Alihamishiwa chumba cha mbele, penye dirisha la upande wa ziwa, kwa sababu alitaka upepo. Jioni moja, Aziza akimpa uji kwa kijiko, mama alisema bila kumwangalia, "Uko unanikasirikia."

"Ndiyo, Mama."

"Uko na haki."

Aziza aliweka bakuli chini. Yote aliyoyabana tangu siku ya kikao yakamtoka. "Minye ningekubali mukono moja, Mama. Ningekulisha vile niko nakulisha sasa. Ningekufungia nguo, ningekutwangia, ningekuosha..."

"Utaniosha," mama alisema.

Aziza alilia, kichwa kwenye godoro, na ule mkono mweusi, mgumu, ukaja juu ya nywele zake ukakaa hapo. Ulikuwa mzito na wa moto. Uji ukapoa.

Mama Maneno alifariki asubuhi, wakati wauza ndagala wanapita barabarani wakiita wateja. Generose alikuwa hapo, akamfumba marehemu macho, Aziza bado anamwita mama yake. Kabla jua halijawa kali uani palikuwa pamejaa watu. Hawakuja kutazama safari hii. Kulikuwa na wanawake ambao mama zao waliondoka mikononi mwake, kulikuwa na wanaume waliosimama mbali siku za kolera, sasa wamekaa chini na vichwa vimeinama. Wakubwa wa akina mama walimshika Aziza bega, wakasema wataita mwosha mwingine kutoka Kalundu, maana mtoto aliyefiwa moyo haumpi nafasi.

"Hapana," alisema Aziza. "Nani ataniosha, alikuwa anauliza. Ni minye."

Alikata sanda kwanza, juu ya meza ile ile ya siku ya kikao. Kisha akachukua beseni, akapita chini ya pazia. Wanawake wawili wakashika shuka. Aziza alikunja kitambaa mkononi, akasema bismillahi, akaanza upande wa kulia, kama alivyofundishwa, na upande wa kulia kitu cha kwanza alichokutana nacho ni mkono.

Aliuosha kidole kwa kidole. Ngozi ilikuwa nyeusi mpaka kwenye kifundo, na pale chini ya kidole cha pete palikuwa na kovu dogo tu, gumu, halina ubaya tena. Alimwagia maji kiganjani, yakatuama kidogo, yakashuka. Aliongea naye kimoyomoyo. Mama, ndio huu. Ulioutaka, ndio huu. Kisha aliuinua ule mkono ili maji yapite kwapani.

Kwapani palikuwa na uvimbe mkubwa kuliko yai la bata. Haukuwa wa jana wala wa mwezi uliopita. Ngozi juu yake ilikuwa imenyooka ikang'aa, na pembeni palikuwa na alama za kitambaa, kilichofungwa na kufunguliwa na kufungwa tena muda mrefu. Aziza akaelewa yote kwa mara moja: mlango wa bafuni, kikombe cha kwenye rafu, haya mbele ya daktari. Na ndoo. Ile siku ya Mulongwe, mkono hauna nguvu ya kubeba ndoo. Mama alikuwa akijua tangu siku ile. Alipomwita aje kumwagia maji alikuwa tayari amejua, na akatumia miezi yake mizuri yote kumfundisha mtu wa kumwosha.

Angeweza kusema. Hata siku ile, pengine, daktari angekuwa na la kufanya. Pengine, neno lile tena. Kifua cha Aziza kilijaa kilio kikubwa, cha hasira na mapenzi kwa pamoja, na wanawake wawili wa shuka walikuwa hatua moja tu kutoka kwake.

Alipitisha maji. Mkono wake haukusimama.

Alimaliza kila kitu. Alimwosha kwa mkunazi, akamwosha kwa maji matupu, akamwosha kwa kafuri. Alimsuka misuko mitatu akailaza nyuma. Alimvika sanda, akamfunga, na kabla ya kufunika uso alimbusu. Ndipo alipotoka uani, nguo zake zimelowa, beseni tupu mkononi.

Maneno alikuwa wa kwanza kusimama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Dada, Mama alikuwa namna gani?"

"Alikuwa muzuri," alisema Aziza.

"Na mukono?"

"Mukono iko muzima. Muzima kabisa." Na hapo ndipo beseni lilipomponyoka likagonga ardhi, kwa sababu ilikuwa kweli: mkono ulikuwa mzima, na mama hakuwepo.